Lenzi ya Samaki Iliyopanda Ndege

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika kamera. Nilishika penseli. Nilikuwa nimetoka Katito nikiwa nimevaa viatu vya kaka yangu, shule nimeiacha darasa la nne kwa sababu ambazo nikianza kuzieleza hatutafika, na Mwenye Studio alinitazama kuanzia viatuni kwenda juu. Akaniuliza, "Unajua kuchonga penseli?" Nikasema najua. Akasema, "Hujui. Keti hapo."

Mwenye Studio alikuwa mtu wa Nyeri aliyekuja Kisumu na mke, kamera moja ya sanduku, na pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Studio ilikuwa karibu na stesheni ya reli, na watu wakishuka treni walikuja moja kwa moja kupigwa picha wakiwa na vumbi la safari. Yeye aliwapa kitana na maji ya kunawa. Mimi alinipa msasa, nikachonga penseli ile mpaka ncha ikawa ndefu na nyembamba kama sindano. Ikivunjika, unaanza tena. Siku hiyo ilivunjika mara ambazo sikuhesabu.

Penseli ilikuwa ya kutengeneza negativu. Ninyi vijana wa simu hamjui negativu, wacha niwaeleze. Ni kipande cha filamu ambacho kila kitu kimegeuka: nywele nyeupe, meno meusi. Sasa mtu akiwa na doa jeusi usoni, kwenye negativu doa lile ni tundu la mwanga, mahali patupu. Unaegemeza negativu kwenye kioo dirishani, unagusa pale patupu kwa ncha ya penseli, taratibu, taratibu, mpaka panajaa. Ukichapisha picha, doa halipo. Mtu amepona bila dawa. Niliona jambo hilo likifanyika mbele ya macho yangu na mwili ukanisisimka. Nilidhani nimeingia kazi ya malaika.

"Kijana," Mwenye Studio aliniambia, "hakuna mtu anayevaa suti aje hapa kuonyeshwa shida zake. Anataka kujiona vile angekuwa kama siku ile anaumbwa hakukuwa na foleni."

Basi nikawa fundi wa kufuta. Makovu ya ndui, alama za moto, meno yaliyokosekana, nilifuta. Kuna bwana wa Awasi nilimfuta kovu, halafu mkewe akakataa picha akisema huyu si mume wake, ila hiyo ni hadithi nyingine.

Hadithi yetu ni ya Mzee Oloo, ingawa siku hizo hakuwa mzee. Alikuja na mkewe mchanga, Mama Anyango, wote watu wa kwetu Nyakach. Mwenye Studio akamgeuza Oloo kidogo ili shavu lishike mwanga wa dirisha, na kwa kugeuka hivyo sikio la kulia likaonekana lote. Mbele ya sikio lile, pale linaposhikana na shavu, palikuwa na kitundu kidogo sana. Alizaliwa nacho. Kama mtu aliyeguswa na sindano akiwa bado tumboni. Mimi nilipopata negativu nikaona nukta ya mwanga, nikachukua penseli, nikaijaza. Hata dakika haikuisha.

Oloo alipokuja kuchukua picha aliitazama, akajishika sikio, akacheka. "Mama Anyango, njoo uone, nimezibwa!" Mkewe hakucheka. Alisema, "Huyu kijana amefunga mlango wa mtu bila kupiga hodi." Nikaona ni maneno tu ya wanawake. Walikwenda zao, na picha ile ikatundikwa ukutani kwao, na Oloo hakupigwa picha nyingine nzuri maisha yake yote. Hakuwa mtu wa picha. Alikuwa mtu wa mahindi.

Picha za rangi zilipofika, penseli ilikosa kazi, na studio ikafungwa. Nikaajiriwa na ofisi moja ya uchunguzi wa samaki, hapo ziwani, nipige picha za samaki wagonjwa. Mkubwa wangu alikuwa Daktari wa Samaki, mama mfupi mwenye sauti ya kengele ya kanisa. Wiki ya kwanza niliosha ngege mmoja vizuri, nikampangusa kidonda, nikamgeuza upande usio na alama, nikapiga. Daktari akaitazama picha, kisha akanitazama mimi.

"Wewe Bwana, umempeleka huyu samaki harusini?"

"Nilitaka apendeze, Daktari."

"Samaki wangu hawaolewi. Kidonda ni kidonda. Ukifuta kidonda umenifuta na mimi."

Ndiye aliyenipa lenzi ambayo tuliiita lenzi ya samaki. Lenzi ya karibu, ndiyo jina lake. Lenzi ya kawaida ukiisogeza karibu na kitu inakataa, inaona ukungu tu, kama mzee anayesoma barua. Hii haikatai. Unaiweka shibiri moja kutoka kwa kitu na inakuonyesha vitu ambavyo hukualikwa kuviona. Niliweka gamba la mbuta mbele yake, gamba moja tu, na mle ndani kulikuwa na miviringo kama ya mti uliokatwa. Daktari akaniambia samaki huandika umri wake pale. Nilikaa chini. Kitu nilichokuwa nakitema mezani kila Jumapili, kumbe kimeandikwa! Tangu siku hiyo nikila samaki nakula kwa adabu.

Miaka ikaenda. Nikiwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu, ofisi ikasema kuna ujumbe wa wavuvi unakwenda Uswidi kuona wenzetu wanavyofuga samaki kwenye vizimba ndani ya maziwa yao, na mpiga picha awe mimi. Mimi! Nilikuwa sijawahi hata kufika Mombasa.

Habari ilifika Katito kabla yangu. Jumamosi hiyo nilikuwa sokoni kununua viazi, na Mama Anyango akaja akanisimamia mbele. Sasa ni mjane. Mzee Oloo alikuwa amefariki miaka mitatu kabla, na picha iliyobebwa mbele ya jeneza ilikuwa ile ile ya studio, imekuzwa, sikio limezibwa. Mtoto wao wa kiume, Ouma, alikuwa hukohuko Uswidi, na hakuja kumzika baba yake. Makaratasi yake hayakuwa sawa, angetoka asingerudi. Wengine walimwelewa. Mama yake hakuelewa, na tangu siku ya mazishi hakulitamka jina lake. Alimwita "yule wa baridi."

"Nasikia unakwenda kwa yule wa baridi," akasema.

"Nakwenda nchi yake, Mama. Ni kubwa."

"Amepata mtoto. Amempa jina la Oloo. Hakuniuliza." Akafungua pochi, akatoa simu. Kwetu jina la marehemu haliokotwi kama nguo iliyoanguka kwenye kamba. Marehemu mwenyewe huja, kwa ndoto ama kwa alama, na watu wakakubali kwamba ndiye. "Anamwambia dada yake kwa simu eti mtoto ana kile kitundu cha sikio. Mtu anayetafuta msamaha atakuambia hata ng'ombe ana mabawa. Nikamwambia dada yake, basi atume picha. Ametuma. Angalia."

Nikaangalia simu ya mama. Mtoto alikuwa laini kama sabuni iliyotumika. Hizo simu zenu hupaka uso mafuta zenyewe, hamjui? Hufuta kila kitu, na wala hazikuchonga penseli.

"Jina la mume wangu si shuka la kufunikia aibu," akasema Mama Anyango. "Ikiwa ni yeye, ni yeye. Ikiwa si yeye, wamwite jina lingine, na mimi nife nikijua. Wewe ndiwe uliyefunga ule mlango. Nenda uone kama umefunguliwa."

Nilirudi Kisumu bila viazi.

Sasa tufike kwenye kufunga mizigo, maana hapo ndipo vijana huniuliza maswali. Kamera haiendi kwenye tumbo la ndege. Inakwenda na wewe, juu, mapajani ikibidi. Na kule juu walituambia mwisho ni kilo saba. Mimi nilikuwa na kamera mbili, kwa sababu ukisafiri na kamera moja umesafiri bila kamera. Siku itakayokufa ni siku ya picha. Nilikuwa na lenzi pana, ya kubeba chumba chote na watu wote. Lenzi ya hamsini, inayoona kama jicho la mtu, nyepesi kama yai. Lenzi ndefu, ya kuvuta mbali, nene kama mguu wa mtoto. Na lenzi ya samaki. Pamoja na hayo betri, chaja, mpira wa kupulizia vumbi, na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, ambavyo mama mmoja wa viatu pale Mamboleo alikuwa akiniwekea. Kwa sababu Kisumu adui wa lenzi si mwizi. Ni unyevu wa ziwa. Huingia ndani ya kioo ukaota ukungu kama utando wa buibui, na mwizi ni afadhali.

Nyumbani sikuwa na mizani. Nikalipeleka begi ufukweni Dunga, likaning'inizwa kwenye ndoano ya mizani ya mbuta.

"Mzee, huyu samaki wako ana vifungo!" mama mmoja akasema.

"Kilo tisa," mwenye mizani akatangaza. "Mayai anayo?"

Kilo tisa. Lenzi ndefu peke yake ilikuwa kilo mbili na nusu. Nikaenda kumwambia Mwenyekiti wa Ujumbe, bwana mkubwa mwenye mashua nyingi na koti la ngozi alilonunua kwa ajili ya safari, akalivaa kuanzia siku ile hapo Kisumu, kwenye joto lote lile.

"Rahisi," akasema. "Acha kamera moja, na uache hiyo ya samaki. Samaki tunao hapa. Mimi nitahutubia ukumbi mkubwa, wewe utakaa nyuma, utanivuta na hiyo ndefu."

"Ndiyo, Mwenyekiti," nikasema.

Na nikaenda nyumbani, nikaiweka ile ndefu kwenye debe la biskuti, nikaifunika. Sikulala vizuri kwa siku mbili. Mimi si mtu wa kudanganya wakubwa. Miaka yote nilisema ndiyo na nikafanya ndiyo. Lakini niliiona sura ya Mama Anyango pale sokoni.

Yaliyotokea ukumbini nitayasema upesi. Mwenyekiti alipopanda jukwaani akanitafuta nyuma, hakunipata, maana nilikuwa miguuni pake, karibu kumgusa viatu, na lenzi ya samaki. Picha zilipotoka, alizitazama kwenye kioo cha kamera kwa muda mrefu.

"Hii ni nini puani?"

"Ni nywele, Mwenyekiti."

"Nimekaa nazo miaka yote hakuna aliyeziona! Lenzi ndefu iko wapi?"

Nikamwambia ukweli wote, habari za Mama Anyango na za lile sikio. Nilitegemea anifukuze palepale kwenye theluji. Alifunga zipu ya lile koti mpaka kidevuni. Kisha akasema, "Mimi pia nina jina la marehemu. Kesho ni mapumziko. Nenda. Lakini treni ya kurudi isikuache."

Sasa theluji. Mvua ya kwetu ikija unaisikia ikikimbia juu ya mabati kabla haijakufikia. Theluji haisemi. Nilishuka kwenye kituo cha Ouma na ulimwengu wote ulikuwa umenyamazishwa, miti imevaa kanzu, hata ziwa lao limekuwa jiwe na watu wanatembea juu yake kwa viatu. Juu ya ziwa! Nikasimama kama mtoto. Nikatoa kamera, nikapiga, nikapiga, nimeivaa shingoni wazi kwenye baridi ile, nimesahau kila nilichofundishwa. Ouma alikuja kunichukua, mrefu kama baba yake, akaniita Jaduong', mzee, kwa heshima, akachukua begi langu.

Mlangoni aliniuliza, "Mama anasema nini?"

"Mama hasemi. Ndiyo maana nimekuja."

Tukaingia. Nyumba ilikuwa na joto la jikoni, mke wake akanikaribisha kwa Kiswahili cha kujifunza, na mtoto alikuwa macho. Nikainua kamera. Sikuona kitu. Weupe mtupu, kama maziwa! Kioo chote kimefunikwa na jasho. Na jambo hili nililijua! Pale ofisini tukitoa kamera kwenye chumba cha barafu tulikuwa tukiifunga kwanza ndani ya mfuko wa plastiki, ipate joto polepole, ndipo tuifungue. Ukiipangusa unajisumbua, jasho linarudi. Mimi, fundi wa miaka yote hiyo, nimefanya kosa la siku ya kwanza kwa sababu ya kushangaa theluji. Na treni yangu ilikuwa imebakiza saa moja na nusu tu.

"Tungoje," nikasema.

Wakanipa mtoto nimshike wakati kamera inapumua. Nikamgeuza taratibu kwenye dirisha, sikio la kulia. Kwa macho yangu ya uzee niliona sikio tu, laini. Nikamgeuza la kushoto. Sikio. Ouma alikuwa amesimama karibu, hapumui.

"Unaona, Jaduong'?"

"Macho yangu yameisha, mwanangu. Yamebaki yale ya kioo."

Akageukia ukutani. "Nilimzika baba kwa simu," akasema. "Waliweka simu juu ya kaburi nisikie mchanga. Mama anajua hilo?"

Nikampa mtoto amshike.

Nusu saa ikapita, kisha zaidi. Kioo kikaanza kusafika kutoka katikati, kama ukungu ukiondoka ziwani asubuhi. Mke wa Ouma akamshika mtoto karibu na dirisha. Nikasogea shibiri moja. Sikio la kulia kwanza, kwa sababu ndilo nililolijua. Ngozi tu. Vinyweleo vya dhahabu, na ngozi nzima. Nikasema mgeuze.

Nikazungusha lenzi, sikio likaja, likapotea, likaja tena. Na pale, pale linaposhikana na shavu, palikuwa na kitundu. Kidogo kuliko ncha ya penseli. Ndani yake mmesimama unywele mmoja.

Ndugu zangu, nimepiga picha ugonjwa, na magamba yenye miaka, na ziwa lililogeuka jiwe. Sijapata kuona kitu kama kile. Ile nukta niliyoijaza kwa mkono wangu nikiwa kijana asiyejua kitu, mtu alikuwa ameibeba, akavuka nayo bahari bila pasipoti, akaifungua upya kwenye nyama laini. Nilipiga picha tatu tu. Sikuthubutu ya nne.

Lakini lilikuwa sikio la kushoto.

Nilirudi Kisumu, nikaenda duka la kuchapisha picha. Dada wa pale kwenye kompyuta akasikiliza hadithi yangu yote, maana mimi siwezi kutoa fupi. Akasema, "Mzee, hiyo ni kitu kidogo. Nikibonyeza hapa inageuka. La kushoto linakuwa la kulia. Mama atafurahi."

Kidole chake kilikuwa tayari. Nami nilisikia Mwenye Studio kwenye sikio moja akisema hakuna anayekuja kuonyeshwa shida zake, na kwenye sikio la pili ile kengele ya Daktari: kidonda ni kidonda.

"Usiguse, dada," nikasema. "Chapisha kama lilivyo. Na uandike nyuma: kushoto."

Kabla sijafika Katito, niseme la kustaafu, maana nilistaafu mwaka uliofuata. Ofisi ilinipa keki, na Daktari, ambaye naye alikuwa amezeeka, alinipa ile lenzi iwe yangu. Ninayo kwenye debe la biskuti na vipakiti vyake. Vijana wanaopata safari huja kuniuliza, Mzee, nibebe gani, pana au ndefu? Mimi huwauliza ni nani anayebaki nyumbani na anataka kuona nini. Wengine hudhani nimekwepa swali. Siku hizi mikono inanitetemeka kidogo, ila nikiingiza gamba la samaki chini ya kioo kile bado nakaa chini.

Haya, Katito. Mama Anyango aliipokea picha kwa mikono miwili. Akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Nilimpa na kioo cha kukuzia. Aliangalia mpaka kuku wakaingia ndani na hakuna aliyewafukuza.

"Ni la kushoto," akasema.

"Ni la kushoto, Mama. Sikuligeuza."

"Ungeligeuza ningejua." Akaiinua ile picha mbele ya uso wake, wakatazamana. "Oloo aliondoka akiwa amenipa mgongo. Sasa anarudi, tunakutana uso kwa uso. Kulia kwangu ni kulekule; kitundu kitakuwa wapi, kama si upande huu?"

Sikuwa nimefikiria hivyo. Kwa darasa langu la nne, hata sasa nikilifikiria naona liko sawa.

Akaenda ukutani, akateremsha picha ya studio, akaitoa kwenye kioo chake, akaiweka mezani mbele yangu. Karatasi ya kizamani, isiyong'aa, aina inayokubali penseli. "Sasa fungua," akasema.

Nilikuwa na penseli mfukoni. Niliichonga kwa kuisugua kwenye saruji ya kizingiti chake, ndefu, nyembamba kama sindano, na haikuvunjika. Kitu kimoja Mwenye Studio hakuwahi kuniambia ni kwamba penseli ileile ukiigusisha kwenye negativu inafuta, lakini ukiigusisha kwenye picha yenyewe inaandika. Nikashikilia mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto usitetemeke. Nikaweka nukta moja.

Mama Anyango akainama, akapuliza vumbi la penseli, akatazama.

"Haya. Sasa anasikia," akasema. Akajifuta mikono kwenye leso, akatoa simu yake, akaninyooshea.

"Nitafutie Ouma."